Sura ya Kwanza ya Bi Zuhura

Kwanza iwekeni chini hiyo kalamu nyekundu. Nyote. Nawaona mnavyokuja hapa kwangu na karatasi zenu, wengine na simu, hadithi haijafika hata sura ya nne na tayari imechorwachorwa kama ukuta wa choo cha shule. Kisha mnaniuliza, "Bibi Kadzo, nihariri lini?" Nikiwajibu mtasema bibi ameshaanza ukali wake. Basi kaeni niwaeleze, na anayetaka chai ajimiminie mwenyewe, kwa sababu magoti yangu hayapendi kuinuliwa bure.

Mie uhariri sikuusomea. Nilizaliwa Kakuyuni, nikasoma kwa masista, nikafundishwa taipu na hati mkato, na miaka ya themanini ilipoanza nikapata kazi Malindi, katika kiwanda kidogo cha chapa nyuma ya soko. Tulichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na matangazo ya sinema. Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Athumani, mtu mrefu, mpole wa sauti lakini si wa maneno. Siku moja akaanza kuchapa hadithi ndefu, vitabu vyembamba vya karatasi duni, vikauzwa madukani pamoja na sabuni na mafuta ya taa. Watu wakavipenda. Hapo ndipo nilipotolewa kwenye risiti.

"Wewe Kadzo kazi yako ni kuona kasoro za watu," akaniambia. "Basi sasa zione kwa mshahara."

Nyinyi hamkuziona zile herufi. Zilikuwa za risasi, zinapangwa moja moja kwa mkono, kinyumenyume. Ukitaka kubadilisha neno katikati ya aya, aya nzima inafumuliwa, na anayeifumua ana mdomo, atakusema mpaka jioni. Ndiyo maana Mzee Athumani hakukubali hadithi ipelekwe kwa mafundi kabla haijatulia. Alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilitokea mie ningali kwenye risiti, lakini nilisimuliwa mara nyingi hata naiona.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Matsangoni, Mwalimu Kahindi, aliyeleta hadithi ya mapenzi. Shujaa wake aliitwa Hamisi. Herufi zimeshapangwa zaidi ya nusu, mwalimu huyo akaja na baiskeli anatweta: shujaa abadilishwe jina, aitwe Mbaraka, kwa sababu shemeji yake anaitwa Hamisi na amenuna. Wakafumua. Wakawatoa Hamisi wote, isipokuwa mmoja. Huyo alibaki sura ya tisa, amesimama mlangoni mwa chumba cha bibi arusi, anakohoa. Anakohoa tu, kisha haonekani tena hadi mwisho wa kitabu. Bwana we, mji mzima uliamini bibi arusi ana mtu wake wa pembeni. Watu walikuja kiwandani kuuliza kitabu cha pili kitatoka lini wamjue huyo Hamisi ni nani. Mwalimu Kahindi alikasirika, akatulia, halafu akakaa akaandika kitabu cha pili.

Kwa hiyo nilipoanza kazi nilidhani kuhariri ni kuwasaka kina Hamisi. Nikipewa muswada nafungua ukurasa wa kwanza, kalamu mkononi, macho makali. Mzee Athumani akaninyang'anya kalamu.

"Mara ya kwanza usome kama mtu aliyekinunua," akasema. "Lala chini usome. Ukichoka, kumbuka umechokea wapi. Ukicheka, kumbuka umechekea wapi. Kalamu utapewa kesho."

Na kesho yake alinipa kalamu ya risasi, si ya wino. Akanifundisha kuangalia mambo makubwa kwanza: nani anajua nini, na alikijua lini, nani yuko wapi, mtu akiwa safarini, je, anaweza kufika? Sura hii ikitolewa, kuna atakayeiulizia? Hayo yakishakaa sawa, ndipo unaingia ndani ya sura moja moja. Halafu sentensi. Koma na nukta ni mwisho kabisa, siku ambayo huna akili ya kufanya jambo jingine. Kuanza na koma ni sawa na kuipiga pasi kanzu ambayo fundi hajaikata.

Lakini hayo yote ni ya hadithi iliyokwisha. Nyinyi swali lenu ni la mtu ambaye bado yumo njiani, ameandika sura tano na mkono unamwasha kurudi nyuma. Hilo nilifundishwa na Bi Zuhura, na yeye mwenyewe hakujua kama ananifundisha.

Bi Zuhura alikuwa mtu wa Faza kwa asili, ameolewa Malindi na Bwana Faki, aliyekuwa na duka la vitambaa. Hawakujaaliwa mtoto. Tulikuwa tumeshamchapia hadithi moja fupi, na mjini alisifiwa. Siku zile alikuwa ameanza ndefu, ya sura nyingi, habari za nyumba moja na watu wake. Hata haijafika mbali, Bwana Faki akaamka asubuhi analalamika kifua, na adhuhuri akafariki. Mji ulishtuka. Alikuwa mtu wa kila mtu, mwenye mzaha, na vitambaa akikupimia anakuzidishia kidogo halafu anasema mkono umeteleza.

Bi Zuhura akakaa eda. Kwa nyinyi msiojua, mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, na wanaume wasio wa kwao hawaingii kumwona. Mzee Athumani asingeweza kwenda. Akanituma mie.

"Mpe pole," akasema. "Na hadithi usiitaje mpaka aitaje mwenyewe."

Mie mtoto wa Kakuyuni, eda naisikia tu kwa majirani. Nikaona kwenda msibani mikono mitupu ni aibu, nikanunua maua ya asumini, mazuri, yaliyotungwa vizuri, yananukia njia nzima. Mlangoni nikapokewa na Bi Mwana Esha, dada yake marehemu, mkubwa wake kwa umri, ambaye alikuwa akiishi nao.

"Shikamoo, Bi Mwana Esha."

"Marahaba, mwanangu. Hayo asumini ni ya nani?"

"Ya Bi Zuhura."

Akayatazama, akanitazama. "Ahsante sana, mwanangu. Ila mtu aliye edani hatii asumini. Lete." Akayachukua taratibu, akayapitisha juu ya ukuta akampa jirani, kisha akaniingiza ndani kama vile hakuna lililotokea. Nilitamani ardhi inimeze. Bi Zuhura alikuwa ameyaona yote kutoka chumbani. Alikuwa amevaa nguo nyeupe, uso umechoka, na akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Baadaye Bi Mwana Esha aliniambia kwamba hakuwa amecheka tangu msiba.

Hadithi aliitaja yeye mwenyewe, na upesi. Kaka yake alikuwa amekwisha tuma habari: eda ikimalizika atakuja kumchukua wakaishi Faza.

"Ni mtu mwema kaka yangu," akasema Bi Zuhura. "Lakini ana watoto tele, na chumba atakachonipa hakina mlango, kina pazia. Nitakuwa shangazi, nitakuwa mpishi, nitawasomesha watoto. Kuandika hakutakuwepo. Hadithi hii nisipoimaliza humu ndani, Kadzo, haitamalizika. Najijua."

Basi tukapatana. Kila Alhamisi baada ya alasiri nitakuja, nitasoma alichoandika, nitamwambia kinachoendelea na kinachosimama. Waliosikia walinung'unika, ati mfiwa anaandika hadithi. Bi Mwana Esha akawajibu kwamba wengine wakikaa eda husengenya, na huyu wake ameona heri aandike. Hawakurudi na neno hilo tena.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyofanya, kwa sababu hili mnaweza kulitumia hata leo. Mie nilikuwa nasoma kwa sauti. Bi Mwana Esha alikuwa amekaa kwenye kizingiti anasuka ukili, ule mkanda mrefu wa miyaa unaokuja kushonwa ukawa mkeka. Hakujua kusoma, na hakujifanya anahukumu. Lakini jikoni kulikuwa na sufuria, na ukimsomea mahali palipolegea, husikii akisema kitu. Anaweka ukili chini na kwenda kutazama sufuria. Mahali pazuri, mikono inasimama lakini yeye haondoki. Nikaona kumbe huyu anajua kuhariri kuliko mie. Kila alipokwenda kutazama sufuria, niliweka alama ndogo ya kalamu ya risasi pembeni. Sikubadilisha neno. Alama tu, basi. Tafuteni mtu wa namna hiyo, mwenye shughuli yake, asiyewapenda sana wala kuwachukia.

Sura tano za kwanza zilikuja moja baada ya nyingine. Sura ya kwanza ilikuwa ya bwana mmoja mwenye duka, anafungua duka lake asubuhi, na alikuwa Bwana Faki mtupu, hata mkono wake wa kuteleza ulikuwemo. Mie nikamwona Bi Zuhura yu salama. Eda ilikuwa haijafika hata nusu.

Halafu Alhamisi moja nikakuta amenipa sura ya kwanza tena.

"Nimeirekebisha mwanzo," akasema. "Mwanzo ulikuwa mzito."

Nikasoma. Ilikuwa nzuri zaidi. Na mie bila kufikiri nikaisifu. Alhamisi iliyofuata, sura ya kwanza tena. Sasa sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: *Asubuhi hiyo mwenye duka alivaa kofia yake ndani nje, na hakuna aliyemwambia.* Nikasifu tena. Wallahi, nani asingesifu? Iliyofuata, sura ya kwanza. Kaongeza mwangaza wa jua kwenye vitambaa. Iliyofuata, kautoa mwangaza, kaweka harufu ya kanga mpya. Karatasi zilikuwa zimejaa kikapu. Sura ya sita haikuwa na hata mstari mmoja. Na Bi Mwana Esha, ambaye kwa kawaida asingesikiliza jambo moja mara mbili, alikuwa anaisikiliza sura hiyo kila wiki na sufuria haitazami.

Siku zikaenda. Kaka mtu akatuma salamu kwamba ameanza kutayarisha chumba. Nikaingiwa na wasiwasi hasa. Nikamwendea Mzee Athumani, yuko kwenye mashine, mikono myeusi wino.

"Yuko sura ya ngapi?" akaniuliza.

"Ya kwanza."

"Mwezi uliopita alikuwa ya ngapi?"

"Ya tano."

Akaifuta mikono kwa kitambaa, pole pole. "Anayerudi nyuma hivyo hana tatizo na sura ya kwanza. Lililomshinda liko ya sita. Zichukue zote tano uje uzifungie hapa kabatini."

"Mzee, ni mfiwa."

"Ndiyo. Na eda haimngojei mtu."

Basi nikaenda, nikazikusanya sura zote tano mbele yake, pamoja na kile kikapu, nikatia kwenye mkoba. Bi Zuhura alinitazama kama mtu anayeota.

"Kadzo, unaingia nyumba ya msiba unaiba?"

"Naiba. Na nitakuja kuiba kila wiki. Ukikumbuka jambo la kurekebisha huko nyuma, niandikie kwenye kikaratasi, mie nitakiweka pamoja na sura yake. Wewe endelea mbele kana kwamba limesharekebishwa. Ukiamua mama yake msichana si mtu wa Mambrui, ni wa Kilifi, muandike wa Kilifi kuanzia leo. Mtu akifa sura ya pili na ukamhitaji sura ya nane, mlete anywe kahawa yake. Tutamfufua baadaye."

Hakucheka. Alinigeuzia uso ukutani. Nikatoka na mkoba wangu, na nawaambia kweli, nilijisikia vibaya njia nzima mpaka kiwandani.

Hilo ndilo la kwanza nililotaka kuwaambia. Anayeandika asihariri kilicho nyuma yake. Aandike vikaratasi, aende mbele. Rasimu ya kwanza ni ruhusa kuwa na wafu wanaokunywa kahawa. Lakini kuna la pili, na hilo Mzee Athumani alilihisi, mie sikulijua mpaka Alhamisi iliyofuata.

Nilimkuta hana karatasi. Meza nyeupe. Bi Mwana Esha yuko kizingitini na ukili wake. Nikakaa, na Bi Zuhura akasema bila kunitazama.

"Sura ya sita mwenye duka anakufa. Lazima afe, hadithi yote inatokana na hapo. Niliipanga hivyo kabla, Bwana Faki yu mzima, na tukaitania. Sasa nikiiandika nimemzika kwa mkono wangu. Sura ya kwanza yu hai. Naingia pale kila siku namkuta anafungua duka."

Nilikuwa nimezoea kuzungumza habari za aya na sura, na hapa palikuwa na mtu analia. Nami nikalia, sioni aibu kuwaambia.

Aliyesema ni Bi Mwana Esha. Mikono ilikuwa imesimama.

"Zuhura, mie nimekusikiliza sura ile kila wiki kwa sababu ile ile. Lakini ndugu yangu umemsimamisha mlangoni mwa duka lake wakati wote huu, hakai, hapumziki. Na mie kuna jambo sikulipata. Sisi wanawake hatukwenda makaburini. Walimchukua, tukabaki humu ndani tunasikia sauti zao zinapungua mtaani, basi. Sijui alilazwa vipi. Niandikie nimfuate."

"Na mie sijui, wifi," akasema Bi Zuhura. "Mie pia nilibaki ndani."

Wakanitazama wote wawili. Mie ndiye niliyekuwa natoka na kuingia.

Nikaenda moja kwa moja kiwandani. Mzee Athumani siku ile ya msiba alikwenda kumzika Bwana Faki; alikuwa rafiki yake. Nikamwambia ninachotaka. Akazima mashine, jambo ambalo hakulifanya hata alipotembelewa na mkuu wa tarafa. Akasimulia amesimama, nami naandika kwa hati mkato, zile alama nilizofundishwa na masista kwa ajili ya barua za ofisini. Akasema ardhi ilikuwa ya mawe, wachimbaji walipokezana. Akasema nani alishuka kaburini kumpokea, na jinsi walivyomlaza kwa ubavu wa kulia. Jirani wa duka alikuja pekupeku, amesahau viatu. Mbuzi wa mtu alikuwa juu ya ukuta wa makaburi anatazama, na hakuna aliyemfukuza. Akaniambia niandike pia kwamba udongo wa mwisho walitia kwa mikono.

Niliyapiga taipu, nikayapeleka siku ile ile bila kungoja Alhamisi. Bi Zuhura alisoma mara moja, akaweka karatasi ubavuni mwake. Nilipokuja tena, sura ya sita ilikuwa tayari.

"Yangu iko wapi?" Bi Mwana Esha akauliza. "Nisomeeni."

"Bado, wifi," akasema Bi Zuhura. "Ni mbichi. Nitakusomea ikiiva."

Nami nikaichukua nikaisoma njiani. Alikuwa amesema kweli. Makaburi yalikuwemo, mawe, mbuzi, jirani asiye na viatu. Kila kitu kilikuwa mahali pake ila marehemu. Anayezikwa angeweza kuwa mtu yeyote. Lakini nilijitia ganzi, nikaifungia kabatini na wenzake, kwa sababu ukimrudisha mtu nyuma akiwa ameshapata mwendo, unamwangusha.

Mwendo alikuwa ameupata. Ya saba, ya nane, zikaja zimekimbizwa, herufi zimelala. Kuna mtoto aliyebadilika jina mara mbili, na kuna mvua iliyonyesha kiangazi. Vikaratasi vyake vilijaa kopo la biskuti. Kila wiki niliiba, na kila wiki alinipa mwenyewe kabla sijaomba. Kaka yake alipofika Malindi na kukaa kwa jamaa akingojea, sura mbili zilikuwa bado. Sura ya mwisho aliimaliza siku ya mwisho ya eda, adhuhuri imekaribia, Bi Mwana Esha anampigia kelele kwamba maji ya kuoga yanapoa.

Akaoga, akavaa nguo ya rangi, zile nyeupe akapewa mama mmoja maskini wa mtaa. Wanawake wakajaa nyumba nzima. Mie nilikuja na asumini, na safari hii Bi Mwana Esha aliyapokea mlangoni akamfunga wifi yake kichwani kwa mkono wake.

Bi Zuhura akanivuta pembeni. "Sasa nipe sura zangu."

"Sikupi."

"Kadzo, eda imekwisha, na hadithi imekwisha."

"Ndiyo maana sikupi. Nenda Faza, lea watoto, uisahau. Mvua za masika zikipita nitakutumia."

Aliniita majina ambayo siyarudii mbele yenu. Lakini alikwenda, na masika yalipokwisha nikafunga muswada wote na kopo la vikaratasi, nikampa mtu anayekwenda Lamu amfikishie. Na hapa kuna jambo nililojifunza ambalo sijalisoma popote. Kuandika kunataka mlango. Kuhariri kunawezekana nyuma ya pazia, watoto wanagombana, wali unapikwa. Bi Zuhura alikuwa akiwasomea wale watoto wa kaka yake, na walipoanza kuchokozana, naye anatia alama. Alikuwa amesahau nusu ya alichoandika, kwa hiyo alikisoma kama cha mtu mwingine, bila huruma.

Muswada ulinirudia kwa mkono wake mwenyewe. Alikuja Malindi kwa hitima ya mumewe, akafikia kwa Bi Mwana Esha. Nikaufungua pale pale. Ulianza na sura ya pili. Nikapekua chini, nikapekua katikati.

"Sura ya kwanza imebaki kwenye jahazi," nikasema, roho juu.

"Haikubaki. Nimeitoa."

Tukagombana, mie na yeye, lisikilizeni hilo. Nikamwambia ile ndiyo sura bora iliyowahi kuingia kiwandani kwetu. Nikamwambia hana haki. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanipa sura ya pili. "Soma kama mtu aliyekinunua," akasema, maana nilimsimulia maneno ya Mzee. Nikasoma. Hadithi ilianza pale, imesimama wima, haikuhitaji mtu kuishika mkono. Na mwenye duka mwenyewe alikuwa anapita humo mara kwa mara, kila mara kwa shughuli, na unampenda bila kuambiwa umpende.

"Ile ilikuwa yangu," akasema Bi Zuhura. "Niliiandika nikae naye. Ninayo, iko sandukuni na nguo zake. Wasomaji nimewapa sentensi moja tu."

Sikumwuliza ipi. Bi Mwana Esha alikuwa ameshakaa kizingitini, ameuvuta ukili wake, na sufuria ya wali iko jikoni.

"Yangu imeiva?" akauliza.

"Imeiva, wifi. Kadzo, msomee."

Nikafungua sura ya sita. Udongo ule ule wa mawe, wachimbaji wanapokezana, mbuzi juu ya ukuta. Jirani anakuja pekupeku, na watu wanaitazama miguu yake kwa sababu hawataki kutazama jeneza. Halafu mmoja wa waliobeba anamnong'oneza mwenziwe kwamba siku ile ya mwisho mwenye duka alivaa kofia yake ndani nje, na hakuna aliyemwambia. Wanacheka, pale pale, chini ya uzito wa jeneza, na wakicheka wanalia, na ndivyo wanavyomfikisha.

Bi Mwana Esha alicheka hapo. Kisha akajifunika uso kwa leso yake, akaniashiria kwa mkono niendelee. Nikasoma wanavyomshusha, wanavyomlaza kwa ubavu wa kulia, wanavyotia udongo wa mwisho kwa mikono. Nilipomaliza akasema nirudie kutoka pale kwenye kofia, nikarudia. Harufu ya kuungua ilikuwa imeshajaa nyumbani, tunaisikia wote watatu, na hakuna aliyekwenda kutazama sufuria.